Nani Hutoa Alama, na Huzitoaje?

Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kila mmoja awe na kalamu na karatasi. Baadaye tutafanya hesabu moja.

Leo tutazungumza juu ya kazi ya msahihishaji. Msahihishaji ni mtu asomaye majibu ya mtihani na kuyapa alama. Nimelichagua somo hili kwa sababu kila jaribio la darasa linapokaribia, viti huanza kuwa vitupu. Mzee atasema anakwenda shamba. Mama atasema amepata mgeni. Ukiwauliza kwa upole utasikia neno jingine: "Mwalimu ataniona mjinga," au, "Mtu mzima kama mimi nipewe sifuri, wajukuu wasikie?" Woga huo umewapotezea watu kazi ya miezi mingi. Basi tuifungue kazi yenyewe, tuone ndani yake mna nini.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mkulima mmoja ameuza gunia la mahindi lililoshonwa sawasawa. Jirani yake ameuza lumbesa, yaani gunia lililojazwa likaongezwa kilemba juu. Wote wawili wamelipwa bei ya gunia moja. Hapo hakuna kipimo, kuna jicho la mnunuzi tu. Ndiyo maana wakulima hudai mizani. Mtihani nao una mizani yake, na jina lake ni mwongozo wa usahihishaji.

Mwongozo ni maandishi yanayoeleza jibu la kila swali, na kila hatua ya jibu ina alama ngapi. Sasa shikeni kalamu. Andikeni hesabu hii:

Mama ameuza magunia 4 ya mpunga. Kila gunia ni shilingi 70,000. Amelipa nauli ya gari shilingi 30,000. Amebakiwa na shilingi ngapi?

(Nafasi ya dakika tatu.)

Haya. Nne mara 70,000 ni 280,000. Toa 30,000, zinabaki 250,000. Tuseme swali hili lina alama 4. Mwongozo unasema: alama moja kwa kuonyesha kuzidisha, moja kwa kupata 280,000, moja kwa kuonyesha kutoa, na moja kwa jibu la mwisho.

Mwanafunzi wa kwanza ameandika 250,000 peke yake. Wa pili ameonyesha kuzidisha, lakini amekosea akapata 270,000. Kisha akatoa nauli akapata 240,000. Je, nani amepata zaidi? Wengi mtasema wa kwanza, kwa kuwa jibu lake ni sahihi. Lakini kwa mwongozo huu wa pili amepata alama 2, na wa kwanza amepata 2 tu, ile ya 280,000 ikihesabiwa kuwa aliipata kichwani. Msahihishaji mkali angempa wa kwanza moja. Mpole angempa zote nne. Kwa hiyo jambo hili haliachiwi ukali wala upole wa mtu mmoja. Huamuliwa kabla, likaandikwa, kila karatasi ikapimwa vivyo hivyo. Nanyi mwaona faida ya kuonyesha njia: mtu aliyekosea jibu hakutoka mikono mitupu.

Katika mitihani ya taifa kazi hii ni kubwa zaidi. Zamani za ukoloni, na miaka michache baada ya Uhuru, karatasi za wanafunzi wetu wa sekondari zilipelekwa Cambridge, Uingereza, kusahihishwa huko. Mwaka 1967 nchi tatu za Afrika Mashariki ziliunda baraza lao la mitihani. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo wasahihishaji ni walimu wa humu humu nchini.

Walimu hao huitwa wakakaa pamoja katika kituo, mara nyingi wakati shule zimefungwa. Kwanza husoma mwongozo pamoja. Kisha husahihisha karatasi chache za kujaribia, wakalinganisha alama. Ikiwa huyu ametoa 3 na yule ametoa 1 kwa jibu lile lile, hujadiliana mpaka wakubaliane. Ndipo kazi huanza. Karatasi moja hupita mikononi mwa watu kadhaa: huyu swali la kwanza, yule la pili, na mwingine hukagua majumlisho. Mbele yao hakuna jina la mtahiniwa. Kuna namba tu. Msahihishaji hajui kama namba ile ni ya mtoto wa mkulima wa Chanzuru au ya mtoto wa mkubwa wa Dar es Salaam. Na kwa Darasa la Saba, tangu mwaka 2012, majibu mengi hutiwa kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Mashine haina ndugu; lakini haina huruma pia kwa mtu aliyetia kivuli visivyo.

Hata hivyo msidhani kila kitu huishia kwa msahihishaji. Alama ni jambo moja, daraja ni jambo jingine. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata daraja sifuri, nao ni zaidi ya nusu ya waliofanya. Nchi nzima ililia. Mwezi wa Mei Serikali ilitangaza kuyafuta, yakapangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Baadhi ya vijana walipanda, ingawa wengi walibaki sifuri. Majibu yao yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kupanga. Kwa maoni yangu, kila mzazi angefaa kuijua habari hiyo kabla hajamchapa mtoto kwa ajili ya karatasi ya matokeo.

Sasa turudi kwenu. Kisomo cha watu wazima nacho kilipimwa kwa mtihani wa taifa, mara ya kwanza Agosti 1975, na tena miaka iliyofuata. Watu walipangwa katika hatua nne. Waliofika hatua ya tatu walihesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika. Wa hatua ya nne waliweza kukitumia kisomo chao: kusoma gazeti, kuandika hesabu za mauzo yao. Tazameni vema: ambaye hakufika hatua ya tatu hakuitwa mjinga. Aliambiwa yuko hatua gani, mwalimu akajua aanzie wapi. Jaribio la darasa lenu ni la namna hiyo.

Na mwenye nia ya kwenda mbali zaidi, upo Mtihani wa Maarifa kwa watu wasiopitia sekondari. Ukiufaulu waweza kujiandikisha Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo karatasi yako itakuwa na namba, kama ya kijana yeyote.

Kazi ya leo ni hii. Badilishaneni karatasi za ile hesabu ya mpunga. Msahihishe ya mwenzako kwa mwongozo nilioutaja, hatua kwa hatua, alama ziandikwe pembeni. Mkitofautiana, mwalimu asome mwongozo tena kwa sauti kabla ya mtu yeyote kubadili alama. Juma lijalo tutajifunza kuandika stakabadhi. Kwaherini.