Karamu ya Usiku wa Manane Isiyo na Chupa

Wapo watu wengi katika miji yetu wanaoamini kuwa karamu ya usiku hainogi pasipo kreti za bia kupangwa ukutani na vipaza sauti kutikisa mabati ya majirani. Mwenye imani hiyo angefaa aalikwe nyumbani kwa rafiki huko Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat nchini India, usiku wa mbalamwezi uitwao Sharad Purnima.

Usiku huo huangukia mwezi wa Oktoba kwa kawaida, siku chache baada ya Navaratri, yaani zile siku tisa za ibada na ngoma za Wahindu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mgeni wa familia moja ya wafanyakazi mjini humo. Mwaliko ulisema saa 3 usiku. Wageni walianza kuonekana saa 4. Kila aliyefika alivua viatu mlangoni, akawaamkia wazee kwanza, kisha akapanda ngazi hadi juu ya paa la saruji ambako majamvi yalikuwa yametandikwa.

Huko Gujarat si adabu kumwita mtu mzima kwa jina tupu. Jina la mwanamke hufuatwa na neno 'ben', maana yake dada, na la mwanamume hufuatwa na 'bhai', yaani ndugu. Watoto wa nyumba hiyo waliniita 'kaka'. Msomaji asidhani kuwa walinifanya kijana mwenzao. Kwa Kigujarati kaka ni ndugu wa kiume wa baba.

Chakula hakikuwa cha anasa. Palikuwa na bajia za moto, chai ya tangawizi, na sufuria kubwa la maziwa yaliyotiwa sukari, iliki na mchele uliopondwa ukawa bapa, ambao mtu wa pwani yetu angeutambua mara moja kuwa ni ndugu wa pepeta. Sufuria hilo huachwa wazi chini ya mwezi mpaka lipoe, ndipo kila mtu hupewa bakuli lake.

Ngoma yenyewe huitwa garba. Wachezaji huzunguka kwa duara wakipiga makofi, na katikati huwekwa taa au chungu chenye taa ndani. Mwezi wa Desemba 2023 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kanuni za India za mwaka 2000 zinakataza vipaza sauti hadharani kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi pasipo kibali, na mwenyeji wetu hakungoja kukumbushwa. Redio ilizimwa, nyimbo zikaendelea kwa vinywa na makofi. Bibi alicheza na mjukuu, mume na mkewe, na jirani aliyekuja kusikiliza akavutwa ndani ya duara.

Pombe haikuwapo. Gujarat imeipiga marufuku tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 1960, isipokuwa kwa wenye vibali maalumu. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ambayo jimbo hilo liliirithi, lakini miaka 60 baadaye, mwaka 2009, zaidi ya watu 100 walikufa mjini Ahmedabad kwa kunywa gongo yenye sumu. Kilichowaweka watu juu ya lile paa hadi usiku wa manane si hofu ya polisi. Ni kwamba kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, alikuwa na nafasi yake.

Ilipokaribia saa 6, mama mzazi wa mwenyeji aliniketisha kando yake, akaniuliza kwa Kiswahili safi kama sato bado ni watamu na kama lile jiwe la Bismarck bado limesimama ziwani. Alizaliwa Mwanza, akaondoka akiwa msichana. Wajukuu wake walinyamaza wakimtazama, kwani hawakuwa wamewahi kumsikia akizungumza lugha hiyo. Tulizungumza mpaka maziwa yakaisha bakulini. Mazungumzo kama hayo yasingewezekana penye kelele, wala penye walevi.

Baba anayemaliza nusu ya mshahara wake kilabuni, huku mkewe na watoto wamelala, na apige hesabu ya maziwa, mchele, sukari na mafuta ya kukaangia bajia. Kisha ajiulize ni lini mara ya mwisho alipomsikiliza mama yake mzazi hadi saa 6 za usiku.

Wagujarati hawamuagi mgeni kwa kumwambia aende. Husema 'aavjo', maana yake 'uje'.