Kinacholala Chini ya Maji (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulifuata udongo kutoka milima ya Fizi hadi ziwani: msitu ukikatwa, mvua hubeba ardhi na mito huipokea. Leo tushuke kwenye tope lenyewe, ambalo wataalamu huliita mashapo.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, nazo hushika vingi: fosforasi ya mashambani, vijidudu vya vyooni, hata zebaki. Maji yakipunguza mwendo, kama mto Mutambala unapoingia ziwani karibu na Baraka, chembe hutua pamoja na mizigo yake. Ndiyo maana kiangazi mto huonekana safi. Uchafu haujaondoka, umelala. Mvua kubwa ikinyesha, au watu wakichota mchanga mtoni, tope huamka na maji huchafuka upya, ijapokuwa siku hiyo hakuna aliyetupa kitu.

Zebaki ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mchimbaji anapoitumia kunasa dhahabu, sehemu yake huenda na maji ya kuoshea. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo huingia kwenye viumbe vidogo, kisha samaki, na kila samaki mkubwa hurithi mzigo wa wadogo aliowala. Mwisho wake ni sahani yetu, na anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, na kiwanda kilichokuwa kikiimwaga ghubani kikaacha mwaka 1968. Hata hivyo tope la ghuba lilizolewa kuanzia 1977 hadi 1990, na samaki wake hawakutangazwa salama hadi 1997. Bomba hufungwa kwa siku moja; tope hudai miongo.

Basi popote zebaki inapotumika, kama kwenye machimbo ya Misisi au Lubichako, dhahabu ioshwe mbali na mto, ndani ya dimbwi lililozibwa, na mabaki yasirudishwe majini.

Nyumbani nako, sisi wa Baraka tunakijua kipindupindu. Klorini ikitiwa kwenye maji yenye tope hupungua nguvu, na vijidudu hujificha humo. Acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa. Lakini zebaki haitoki kwa klorini wala kwa kuchemsha. Kinga yake iko juu mlimani, kabla haijafika mtoni.

Juma lijalo: miti ya kingo za mito na kazi yake.