Uliza Tarehe ya Mwisho Kabla ya Bei

Duka la pembejeo Sirari, SACCOS ya Tarime mjini na nyumba ya wageni Mugumu vinaweza kuwa na programu tofauti za mauzo. Hifadhidata iliyo chini yake, hata hivyo, mara nyingi ni SQL Server Express, au MySQL na nduguye MariaDB, na kwa nadra PostgreSQL. Zote unaweza kuzipata bila kulipia leseni. Gharama inajificha kwenye tarehe ambayo toleo lako litaacha kuzibwa matundu ya usalama, na kwenye siku za fundi zitakazofuata.

Tuanze na XAMPP, kifurushi kinachosakinisha MariaDB pamoja na lugha ya PHP, maana ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mafundi wanaipenda: unapakua faili moja, unabonyeza mara chache, kila kitu kinawaka. Toleo lake la Windows namba 8.2.12, la Novemba 2023, limebeba MariaDB 10.4, ambayo muda wake uliisha Juni 2024. Fungua phpMyAdmin, ukurasa wake wa kusimamia hifadhidata, tazama upande wa kulia. Ukikuta 10.4.32-MariaDB, vitabu vyako viko kwenye toleo lisilohudumiwa tena. Mara nyingi pia mtumiaji mkuu, root, hana nywila, kwa sababu XAMPP ilitengenezwa kwa wanaojaribu programu, si kwa kaunta ya duka.

Tiba yake ni nafuu. Chukua nakala ya data, kisha weka MariaDB 11.4 peke yake. Inahudumiwa hadi Mei 2029. Utalipia bando na kazi ya fundi tu. Ila usimruhusu abadilishe na PHP siku hiyohiyo. Programu za zamani zilizoandikwa kwa amri za mysql_ zinagoma kuanzia PHP 7, na hapo kazi ya siku moja inageuka ya wiki.

Wenye MySQL wana safari ndefu kidogo. 5.7 iliisha Oktoba 2023, na 8.0 mwisho wake ni Aprili 2026. Lengo liwe 8.4, yenye huduma hadi 2032, lakini aliye kwenye 5.7 hawezi kuruka moja kwa moja. Lazima apitie 8.0 kwanza.

Kwa SQL Server, toleo la 2014 liliisha Julai 2024, na la 2016 linaishia tarehe 14 Julai 2026. Hapa ndipo muuzaji atakapokushawishi ununue Standard, ile ya kulipia. Kwa bei ya orodha ya toleo la 2022, seva ni dola 989 na kila mtumiaji dola 230. Watumiaji watano wanafikisha dola 2,139. Ukikadiria shilingi 2,500 kwa dola, ni zaidi ya milioni 5.3. Duka moja halina sababu ya kutoa pesa hiyo. Express 2022 ni bure, hifadhidata moja inabeba hadi GB 10, na huduma yake inafika Januari 2033. Mtego uko kwenye kompyuta yenyewe: toleo la 2014 ndilo la mwisho kukubali Windows 7, kwa hiyo mwenye mashine ya enzi hizo atanunua nyingine. Ile ya zamani asiiuze haraka, kwani nakala iliyotoka toleo jipya hairudi kwenye la zamani.

PostgreSQL ndiyo rahisi kupangia: kila mwaka toleo jipya, na kila toleo miaka mitano. 17 itafika Novemba 2029. DHIS2, ambayo sekta yetu ya afya inaitumia kwa takwimu za vituo, inaendeshwa juu yake. Hata hivyo, kuihamishia programu iliyoandikwa kwa MySQL ni karibu kuiandika upya. Ichague unaponunua programu mpya, si vinginevyo.

Kubaki ulipo nako si bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza majina na simu za watu azilinde. SACCOS na zahanati zimo humo.

Kuhusu malipo, mpe fundi nusu. Nusu ya pili aipate akisharejesha nakala kwenye kompyuta nyingine na salio la bidhaa au la wanachama likalingana na la jana yake. Kuhusu muda wa kuhama, SACCOS zingoje hesabu za mwaka zifungwe. Wenye nyumba za wageni Mugumu waepuke Julai hadi Septemba, nyumbu wakiwa kaskazini mwa Serengeti na vyumba vimejaa.