Lango la Wanafunzi Mtandaoni: Tafsiri Pekee Haitoshi

Miaka ya nyuma mwanafunzi wa chuo kikuu alijisajili kwa kupanga foleni. Alichukua fomu katika ofisi ya msajili, akaenda kwa mhasibu, kisha akarudi kwa mkuu wa idara kutafuta sahihi na muhuri. Leo kazi hiyo hufanywa kwenye lango la huduma za wanafunzi, yaani tovuti ambayo mwanafunzi huingia kwa namba yake ya usajili ili achague kozi, alipe karo, aone matokeo na achapishe kadi ya mtihani. Foleni imepungua lakini haijaisha. Imehamia mlangoni pa yeyote anayeweza kumweleza mwanafunzi maana ya kile anachokiona kwenye simu yake, na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu.

Idara yetu ilipoombwa kusaidia kutafsiri lango kwa Kiswahili wakati likisanifiwa upya, tulifurahi. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini ni nadra kupata nafasi ya kukitumia chuoni nje ya darasa. Katika makala hii tunaeleza somo tulilolipata, nalo ni kwamba lango lisiloeleweka haliponywi kwa tafsiri. Kwanza tuulize linamwambia mwanafunzi jambo gani na kwa mpangilio gani. Uteuzi wa maneno huja baada ya hapo.

Kozi zilizookoka

Wiki ya mitihani ilipokuwa ikikaribia, mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuja ofisini na simu mkononi. "Shikamoo Mwalimu. Mimi niliokoa kozi zangu zote, lakini jina langu halimo kwenye orodha."

Kama walimu wa lugha, tulitaka kwanza kumsahihisha kwamba kazi ya kompyuta huhifadhiwa, haiokolewi. Kisha tukatazama ukurasa wenyewe, ambao wakati huo ulikuwa wa Kiingereza. Ulikuwa na vitufe viwili vya rangi moja: kimoja cha kuhifadhi na kingine, chini kabisa, cha kuwasilisha. Alibonyeza cha kwanza, na ukurasa ukamjibu kwamba kazi imefanikiwa. Kwa mfumo, kuhifadhi kulikuwa kuweka rasimu tu, lakini kwa mwanafunzi kulikuwa kumaliza. Kozi zake zilikuwa zimeokoka kama walokole, ila hazikuwa zimefika kwa msajili. Barua zilizunguka ofisi tatu, na jibu lilipotoka alikuwa amekwisha kukosa mitihani miwili. Aliifanya mwaka uliofuata.

Je, tafsiri sahihi ingemsaidia? Kitufe cha kwanza kingesomeka "Hifadhi" na cha pili "Wasilisha", naye angebonyeza kilekile. Alichohitaji ni kitufe kinachosema "Weka rasimu", kingine kilicho kikubwa zaidi kinachosema "Tuma kwa msajili", na onyo la wazi: "Kozi zako bado hazijatumwa."

Urahisi wa matumizi ni nini?

Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), katika kiwango chake namba 9241-11 cha mwaka 1998 kilichorekebishwa mwaka 2018, hutazama mambo matatu: kama mtumiaji analifikia lengo lake, anatumia juhudi kiasi gani kulifikia, na kama anaridhika. Jambo muhimu ni kwamba haya hupimwa kwa watumiaji mahususi katika mazingira mahususi.

Mazingira ya mwanafunzi wetu ni simu yenye kioo kidogo na bando linalokaribia kwisha. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Kwa hiyo picha kubwa ya jengo la utawala inayopamba ukurasa wa kwanza inalipiwa na mwanafunzi kila anapoufungua. Tuliomba iondolewe, nasi tunaamini hilo ni suala la mawasiliano kama yalivyo maneno.

Aidha, mtaalamu Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark, alitoa mwaka 1994 kanuni kumi za kutathmini programu za kompyuta. Ya pili kati ya hizo inasema kwamba mfumo uzungumze kwa maneno na dhana anazozijua mtumiaji, si kwa istilahi za ndani ya mfumo. Mwalimu wa lugha ataona mara moja kwamba kanuni hii inamhusu.

Mpangilio kabla ya maneno

Lango la zamani lilipangwa kwa ofisi: Msajili, Mhasibu, Mshauri wa Wanafunzi, Maktaba. Mpangilio huo unamfaa mtu anayelijua jengo la utawala. Mwanafunzi hafikirii ofisi, anafikiria shida yake: nataka kulipa, nataka chumba, nataka kuona alama zangu.

Tuliandika huduma zote kwenye vipande vya karatasi, huduma moja kila kipande, tukawapa wanafunzi watano wavipange mafungu kadiri walivyoona vinahusiana, kisha walipe kila fungu jina. Idadi hiyo si ndogo kama inavyoonekana. Mwaka 2000 Nielsen alieleza kwamba kulijaribu lango kwa watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo yake, na kwamba ni afadhali kujaribu mara kadhaa na watu wachache kuliko mara moja na wengi.

Baada ya hapo tulimpa kila mmoja kazi, kwa mfano "Lipa karo ya muhula huu", tukakaa kimya tukimtazama. Kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu, maana mwalimu amezoea kueleza. Ili kulipa benki, ni lazima mwanafunzi apate kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wao huiita PRN. Lango liliificha ndani ya ukurasa wa taarifa za fedha, ilhali wote watano waliitafuta penye usajili. Tulipendekeza iwekwe penye usajili, chini ya maneno "Pata namba ya kulipia".

Maneno na sarufi

Hapo ndipo tafsiri ilipoanza. Kwanza, tulikutana na tofauti za kieneo. Malipo ya masomo huitwa "karo" Kenya na "ada" Tanzania. Tulichagua "karo" kwa kuwa ndilo wanafunzi wetu walilolizoea, tukalitumia lilelile kila mahali. Kwa sababu hiyohiyo tulitumia "neno la siri" badala ya "nywila", kwani linajieleza lenyewe.

Pili, usanifu wa neno si hakikisho la kueleweka. "Pakua" na "pakia" ni istilahi nzuri, zimetoka katika shughuli za chakula na shehena. Hata hivyo, kwa mtu anayejifunza Kiswahili kama lugha ya tatu zinakaribiana mno. Tuliandika "Pakua risiti" kwa upande mmoja na "Weka picha yako" kwa upande mwingine. "Ghairi" halikueleweka kwa wawili kati ya wale watano, basi tukaandika "Rudi bila kubadili".

Tatu, sarufi yetu ina madai yake. Wataalamu wa kompyuta walituletea orodha ya maneno pweke, likiwamo moja la kuonyesha kwamba jambo limekubaliwa. Katika Kiingereza neno hilo halibadiliki. Katika Kiswahili kozi imeidhinishwa, maombi yameidhinishwa, uhamisho umeidhinishwa na cheti kimeidhinishwa. Ilibidi tuombe sentensi kamili kwa kila ukurasa badala ya neno moja la kupachikwa kila mahali. Vilevile, mfumo ulitanguliza namba na kutoa "3 kozi". Tuliugeuza useme "Kozi ulizosajili: 3".

Mwisho, tulichunguza heshima. "Umekosea!" ni kauli ya kumkemea mtu. "Namba hii ina tarakimu zilizopungua. Tafadhali iangalie tena" inamheshimu na kumwonyesha njia.

Hitimisho

Lango jipya bado lina kasoro, na baadhi ya mapendekezo yetu yangali mezani. Hata hivyo, vitufe viwili vya usajili vimekwisha kubadilishwa. Tunatoa wito kwa walimu wenzetu wanaoletewa orodha za maneno ya kutafsiri waombe kwanza kuuona ukurasa wenyewe na kumtazama mwanafunzi akiutumia. Nanyi wanafunzi, mkiona neno msilolielewa kwenye lango, msidhani kasoro ni yenu. Lileteni idarani. Na kabla ya kuifunga simu, hakikisheni kozi zenu zimetumwa.