Safari ya Siku Moja kwa Gari la Moshi kutoka Nchi ya Chai

Wakulima wengi wa chai wa Kericho na Bomet hudhani kwamba gari la moshi ni jambo la watu wa Nakuru na Kisumu. Si ajabu, kwa maana reli haikupita mjini Kericho wala mjini Bomet. Hata hivyo, kaskazini ya mashamba ya chai, katika mabonde ya Kipkelion na Fort Ternan, iko njia ya reli iliyo ya kale kuliko chai yenyewe. Mtu mwenye mpango mwema aweza kuitumia kwa matembezi ya siku moja, akarudi kulala kwake. Asiye na mpango atalala stesheni, na majani yake yatakomaa shambani bila kuchumwa.

Sababu ya reli kupita mbali na Kericho ni hii. Wahandisi wa Reli ya Uganda hawakuwa wakitafuta mashamba, bali ziwa. Walipanda milima ya Mau hadi kimo cha zaidi ya futi 8,000, kisha wakateremka kwa bonde la Nyando mpaka Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati ule, ambako reli ilifika tarehe 20 Desemba 1901. Kwa kuwa milima ile ina makorongo mengi, yalihitajiwa madaraja marefu ya chuma, na kazi hiyo ilipewa kampuni moja ya Marekani, American Bridge Company. Makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalikuja Kericho katikati ya miaka ya 1920, yaani zaidi ya miaka 20 baadaye. Basi ikawa chai ndiyo inayoifuata reli, si reli kuifuata chai, na stesheni ya karibu ikawa Lumbwa, ambayo siku hizi huitwa Kipkelion.

Safari za abiria za kwenda Kisumu zilikuwa zimesimama kwa miaka mingi, zikarudishwa mwezi wa Desemba 2021, baada ya njia ile ya zamani kutengenezwa. Ratiba iliyotangazwa wakati huo ilikuwa kwamba gari liondoke Nairobi Ijumaa jioni, lifike Kisumu Jumamosi alfajiri, nalo lirudi Jumapili jioni. Ratiba za reli hubadilika, na mvua kubwa za milimani zaweza kuikata njia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza stesheni, au kuwauliza Shirika la Reli la Kenya, siku chache kabla ya safari: Je, gari lipo juma hili? Je, litasimama Kipkelion? Lakini ratiba ile ya 2021 yafaa kuwa mfano wa kujifunzia.

Kanuni kuu ya safari ya siku moja ni kupanga kurudi kabla ya kupanga kwenda. Tazama mfano huo. Mtu akienda Kisumu kwa gari la Jumamosi alfajiri, hawezi kurudi kwa reli siku ile ile, maana gari halirudi mpaka kesho yake jioni. Akitaka kuigeuza safari, aende Kisumu Jumapili asubuhi kwa matatu na kurudi kwa gari la jioni, atashushwa Kipkelion usiku, wakati ambapo magari ya kwenda Kericho ni ya shida, na ya Bomet ni ya shida zaidi. Basi aliye na jamaa Kipkelion wa kumpokea aweza kuichagua njia hii ya pili. Asiye na jamaa huko achague ile ya kwanza: aende kwa reli usiku wa kuamkia Jumamosi, ashinde Kisumu, kisha arudi mapema kwa matatu kupitia Ahero, Awasi na Kapsoit mpaka Kericho. Yule wa Bomet aongeze muda wa kupita Litein na Kaplong, asingoje jua lielekee kuchwa.

Watu wa nchi nyingine pia hufanya hivyo. Katika mji wa Llandudno, ulio pwani ya kaskazini ya Wales, ambako reli ilifika mwaka 1858, wageni hupanda gari la moshi asubuhi kufuata bonde la Conwy hadi Blaenau Ffestiniog, mji uliosifika kwa machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, kisha hurudi jioni. Magari ya njia hiyo si mengi. Mgeni mwenye busara huanza kwa kuitazama saa ya gari la mwisho la kurudi, ndipo akajua ana muda gani wa kutembea.

Jambo jingine ni saa zenyewe. Ratiba za reli huandikwa kwa saa za Kizungu, kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 18.30, toa 6, utapata saa 12 na nusu jioni. Ikiandikwa 06.30, maana yake si saa 6 na nusu, bali saa 12 na nusu asubuhi. Mwenye kukosea hapa huja stesheni akakuta gari limekwenda zamani. Tena njia yetu ni ya reli moja, na magari hupishana kwenye stesheni tu. Moja likichelewa, la pili hungoja. Kwa hiyo usipange jambo la lazima, kama vile shauri la mahakamani au mtihani, dakika chache baada ya saa ya kufika.

Mkulima na achague siku yake kwa kuangalia shamba. Chai huchumwa kwa mzunguko wa siku saba hadi kumi na nne hivi, na lori la kiwanda lina siku zake. Siku nzuri ni ile inayofuata kuchuma, si ile inayotangulia. Karani naye atumie Jumamosi, asiombe ruhusa bure.

Huko aendako yako mambo ya kuonwa. Kisumu ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, bandari, na ufuo wa Dunga wenye wavuvi na samaki. Asiyetaka kufika mbali aweza kwenda Fort Ternan kwa barabara. Huko Dkt. Louis Leakey alipata mifupa ya kale iliyogeuka mawe, ya umri wa miaka milioni 14 hivi, na mwaka 1962 akaitangazia dunia habari ya kiumbe aliyemwita Kenyapithecus.

Msafiri akumbuke pia kwamba kutoka Mau hadi ziwani ni kushuka zaidi ya futi 4,000. Kabuti la alfajiri litakuwa mzigo saa sita mchana. Tena malaria ni nyingi kando ya ziwa kuliko milimani, na miili ya watu wa milimani haikuizoea. Atakayelala huko atumie chandarua. Akishikwa na homa juma moja au zaidi baada ya kurudi, aende hospitali upesi, na amwambie daktari alikokuwa.

Mambo ya reli yaweza kubadilika tena. Reli mpya ya upana mkubwa ilifika Suswa, upande wa Naivasha, mwezi wa Oktoba 2019, na mpango wa kuiendeleza hadi Kisumu umechorwa kupita Narok, Bomet na Nyamira. Ikijengwa hivyo, mtu wa Bomet, ambaye leo ndiye aliye mbali zaidi na stesheni, atakuwa jirani yake. Lakini haina haja kungoja siku hiyo ndipo kujifunza kusoma ratiba. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mwenye kupanga kurudi kwake ndiye atakayefika nyumbani na alichokiokota.