Transista Ghushi Katika Inveta na Runinga: Jinsi ya Kuzitambua Mapema

Katika nyumba, maduka na vinyozi vingi, inveta ndiyo hugeuza umeme wa betri ya sola ili uwashe runinga, friji au mashine ya kunyolea. Inveta inapoungua, mara nyingi kilichoharibika ni transista: kipuri cheusi chenye miguu mitatu, kilichofungwa kwa skrubu kwenye kipande cha alumini. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya inveta nzima. Hata hivyo, kipuri hicho kikiwa ghushi, mwenye inveta atalipia ukarabati mara ya pili na ya tatu. Isitoshe, betri inaweza kutoa mkondo mkubwa wa kuyeyusha nyaya na kuwasha moto pale transista inapofeli na fyuzi isiwepo.

Upimaji wa dakika chache kabla ya kuchomelea kipuri unaweza kuzuia hasara hiyo.

Ulinzi uliomo ndani

Transista nyingi za kazi nzito zina dayodi ndani yake. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Katika inveta, hupitisha mkondo unaorudishwa na transfoma kila transista inapozimwa. Katika runinga za zamani zenye kioo kizito, hupokea mkondo unaorudi kutoka kwa koili ya kioo.

Tofauti ya herufi moja inaweza kuleta hasara. Transista za runinga BU508A na BU508D zote hustahimili hadi volti 1,500, na kwa macho hazitofautiani. Ile yenye herufi D ina dayodi ndani. Yenye herufi A haina. Runinga iliyotengenezwa kutumia D ikiwekewa A bila dayodi ya nje, kipuri kipya huungua punde tu baada ya kuwashwa. Hapo kipuri si ghushi. Ni halisi, ila si chake.

Namna ya kupima

Kwanza, kifaa huchomolewa kwenye umeme na betri, na kapasita kubwa hutolewa chaji. Transista hupimwa ikiwa imetolewa kwenye bodi, kwa sababu vipuri jirani hupotosha kipimo. Mita huwekwa kwenye alama ya dayodi.

Kwa BU508, upande wenye maandishi ukimtazama fundi na miguu ikielekea chini, mguu wa kushoto ni besi, wa kati ni kolekta na wa kulia ni emita. Waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye emita na mweusi kwenye kolekta, yenye dayodi huonyesha takriban volti 0.5. Isiyo na dayodi huonyesha njia imefungwa.

Baadhi ya transista za runinga zina rezista pia, kati ya besi na emita. Hizo husoma makumi ya omu pande zote mbili, na fundi asiyejua huzitupa akidhani zimeungua. Ndiyo maana ni vyema kusoma karatasi ya vipimo ya mtengenezaji kabla ya kutoa uamuzi.

Kwa IRF3205, inayotumika sana katika inveta, kushoto ni geti, kati ni dreni na kulia ni sosi. Miguu yote mitatu hugusanishwa kwanza ili kuondoa chaji. Waya mwekundu ukiwa kwenye sosi na mweusi kwenye dreni, mita husoma takriban volti 0.4 hadi 0.6. Nyaya zikibadilishwa, njia hufungwa. Sifuri pande zote mbili ni ishara ya transista iliyoungua. Geti nayo haipaswi kupitisha umeme kwenda mguu wowote.

Mita haitoshi

Mita hutumia mkondo mdogo mno. Transista ghushi inaweza kufaulu vipimo hivyo vyote, kisha ife inapobeba mzigo. Wanaoghushi huchukua transista dogo au iliyotolewa kwenye bodi kuukuu, hukwangua maandishi na kuandika namba ya transista kubwa. Namba zinazoghushiwa mara kwa mara ni pamoja na 2N3055 na 2SC5200 za amplifaya.

Dalili za kuangaliwa ni hizi:

- Maandishi yanafutika kwa pamba yenye asetoni, au uso una mikwaruzo ya msasa chini ya rangi.
- Miguu ina risasi ya zamani au alama za kuchomelewa.
- Vipuri vya pakiti moja vinatofautiana kwa uzito, umbo au mwandiko.
- Bei iko chini mno kuliko ya maduka mengine.

Kwa mita inayopima kapasita, kipo kipimo kingine. Dreni na sosi za IRF3205 huunganishwa, kisha hupimwa dhidi ya geti. Halisi huonyesha zaidi ya pikofaradi 3,000. Ikisoma takriban 1,000, ndani mna kipande kidogo cha silikoni kisichoweza kubeba mzigo ulioandikwa.

Haki ya mteja

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya mwaka wa 2008 inaharamisha uuzaji wa bidhaa ghushi.

Wakazi wanashauriwa kudai risiti yenye namba ya kipuri, kumwomba fundi awarudishie kipuri kilichotolewa, na kuhakikisha inveta ina fyuzi ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Fundi naye anaponunua vipuri vingi, apime kimoja kabla ya kulipia vilivyosalia.

Anayeshuku kuwa ameuziwa kipuri ghushi asikitupe. Akihifadhi pamoja na pakiti na risiti, kisha apige ripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi au kwa ofisi ya biashara ya kaunti. Bila kipuri na risiti, ni vigumu kuthibitisha ni duka lipi lililokiuza.