Pindo la Fulana kwa Mfarishi wa Mtoto

Katika sehemu za baridi kama Limuru na Kinangop, hasa mwezi wa Julai, mfarishi ni kitu cha thamani nyumbani. Mfarishi ni nguo ya kujifunika iliyofanywa kwa tabaka mbili za kitambaa, zikatiwa pamba katikati na kushonwa pamoja. Pahali panapochakaa kwanza ni ukingoni, kwa maana ukingo ndio unaoshikwa na kuvutwa kila usiku. Ukifumuka, pamba hutoka, na kazi ya majuma mengi hupotea. Ndiyo sababu ukingo huzungushiwa pindo la kitambaa kingine.

Kitambaa cha fulana, yaani kile cha pamba chenye manyoya mororo juu yake, hupendwa kwa kazi hii kwa kuwa hakimkwaruzi mtoto kidevuni wala shingoni. Lakini kina tabia tatu ambazo mshonaji hana budi kuzijua: hurudi sana kikifuliwa, ni kinene, na nyuzi zake hufumuka upesi.

Anayekishona kikiwa kipya hugundua kosa lake siku ya kwanza ya kufua. Pindo hufupika kuliko mfarishi wenyewe, na ukingo wote hujikunja. Dawa yake ni kukifua kitambaa kwa maji ya moto, kukianika na kukipiga pasi kabla ya kukikata.

Kwa sababu ya unene wake, yafaa pindo liwe la kitambaa kimoja, lisiwe la kukunjwa mara mbili kama la kitambaa chembamba. Mfarishi wa futi 3 kwa futi 4 una mzingo wa inchi 168. Ikiwa kitambaa kina upana wa inchi 36, vipande 6 vyenye upana wa inchi 2 na robo vitatosha, na nusu mita hutoa vyote. Vikatwe kwa kunyoosha. Kukata mshazari kwahitajiwa tu ikiwa ukingo una mviringo.

Vipande viungwe kwa mshono wa mshazari, ili unene wa kiungo usirundikane pahali pamoja. Kisha pindo lilazwe juu ya uso wa mfarishi, likishikwa kwa pini, na lishonwe nusu inchi kutoka ukingoni. Mishono iwe mirefu kidogo, wala pindo lisivutwe, kwani fulana hunyooka mkononi. Inapobaki nusu inchi kufika pembeni, mshono usimame na uzi ukatwe. Pindo likunjwe kuelekea nje, kisha lirudishwe chini sambamba na upande wa pili, na mshono uanze tena ukingoni. Hivyo pembe hutokea safi. Mwisho, pindo hugeuzwa nyuma, nusu inchi ya ukingo wake hukunjwa ndani ili nyuzi zisifumuke, kisha hushonwa kwa mkono kwa mishono midogo. Anayetumia cherehani na aisafishe baada ya kazi, kwa maana manyoya ya fulana hujaa ndani yake.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe. Manyoya ya pamba hushika moto upesi, na miali huweza kuenea juu ya kitambaa kwa ghafula. Kwa hiyo mfarishi wenye pindo hili uwekwe mbali na jiko, mshumaa na taa ya mafuta. Tena, usitumiwe kumfunika mtoto mchanga usingizini kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwani waweza kumziba pumzi.

Pindo likichakaa baada ya miaka kadhaa, hufumuliwa na kutiwa jipya, na mfarishi ule ule ukamfaa mtoto mwingine. Nusu mita ya fulana, ikifuliwa kwanza, huokoa nguo nzima.